Viroboto wa Ukoo wa Ndunguru

Nyumbani kwa Mzee Blasius Ndunguru, mlimani juu ya Mapera, kulikuwa na viroboto, na viroboto hao waliwauma watu wa ukoo peke yao. Wanawake walioolewa pale walilala fofofo. Waume zao, kwenye kitanda hichohicho na chini ya blanketi hilohilo, walijikuna mpaka kunakucha. Mgeni akilala sebuleni aliamka ameshiba usingizi, akashukuru kwa malazi. Mzee Blasius mwenyewe, mwenye nyumba, alikuwa ameanza kukaa juu ya meza.

Viroboto waliletwa na paka, na paka waliletwa na kufungwa kwa ghala. Ghala la ushirika lilikuwa chini barabarani, na paka walikuwa na kazi pale tangu enzi za kuku kuuzwa kwa kibali. Walilinda kahawa isiliwe na panya, na kila jioni mlinzi aliwapa ugali na usipa, visamaki vya Ziwa Nyasa, kwa gharama ya chama. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, chama kilikohoa miaka michache kisha kikafa. Mlinzi alikwenda kwao na kufuli, kwa sababu hakuna aliyemwambia amkabidhi nani. Paka walikaa mlangoni jioni kadhaa wakisubiri chakula. Halafu asubuhi moja walipanga mstari, dume la kijivu mbele, wakapanda mlima mpaka uani kwa Mzee Blasius. Watu waliokuwa wanaanika maharage waliinua majamvi wakawapisha.

Hawakukosea nyumba. Cuthbert, mtoto wa kwanza wa Mzee, alikuwa amepata uwakala wa kununua kahawa kwa tajiri mmoja, akageuza chumba cha mbele kuwa stoo. Penye magunia pana panya, na penye panya pana kazi ya paka. Kwa hiyo kazi yao ilikuwa imehama na wao wakaifuata, jambo ambalo watu wengi waliopunguzwa kazini mwaka ule hawakupata nafasi ya kulifanya.

Kiroboto wa kwanza alimrukia Mzee Blasius akiwa amesinzia kwenye kiti. Alichokipata alikipenda, akawaambia wenzake. Tangu hapo hawakutaka kingine. Mnywaji aliyezoea kilabu kimoja havuki barabara kwenda kilabu kingine, hata kama pombe ni ileile.

Familia ilifanya yote ambayo watu hufanya. Walimwaga maji ya moto. Walitandaza majivu. Walilaza majani ya tumbaku chini ya mikeka, na viroboto wakaanza kukohoa usiku, lakini waliendelea kuuma katikati ya kikohozi. Walichoma magodoro ya majani. Cuthbert alikamata paka sita, akawafunga kwenye gunia, akampa dereva wa lori linalokwenda Mbamba Bay akawamwage ziwani huko. Baada ya wiki moja walirudi saba, wamenenepa, na yule wa saba alikuwa mgeni, paka wa Kinyasa, asiyetaka ugali ila samaki.

Mwisho Methodi, mdogo wake Cuthbert, alichukua bomba la kupulizia kahawa, akakoroga mrututu, dawa ya buluu ya kukinga kahawa na magonjwa, akapuliza nyumba nzima kuanzia kizingiti mpaka uvungu wa kitanda cha baba yake. Sakafu ikawa ya buluu. Viroboto nao wakawa wa buluu. Hakuna aliyekufa. Tofauti ni kwamba tangu siku hiyo kila walipouma waliacha kidoa cha buluu, kidogo kama ncha ya sindano, na kidoa hakikutoka kwa sabuni wala kwa jiwe.

Jumapili iliyofuata ukoo wa Ndunguru uliingia kanisani na vidoa. Watu waliwaangalia, wakaendelea kuimba.

"Afadhali nyinyi mnaonekana," jirani mmoja alimwambia Methodi nje ya kanisa. "Nikipotelewa na mbuzi najua pa kuanzia."

Vitalia, mke wa Methodi, alicheka kuliko wote. "Mimi ni wa ukoo wa Kapinga," alisema. "Tangu niolewe hapa sijawahi kuona faida ya kuitwa mtu wa kuja. Sasa nimeiona. Nalala kama mfu, huyu mwenzangu anacheza ngoma kitandani."

Ila kwa Cuthbert mambo yalikuwa tofauti. Cuthbert hakuumwa. Watoto wake watano hawakuumwa. Mkewe Scholastica hakuumwa, lakini yeye alikuwa mke, hilo lilieleweka. Cuthbert hakushangaa. Alikuwa amenunua unga fulani kutoka kwa mtu wa ziwani aliyeupata ng'ambo ya Malawi, na alikuwa anajipaka kila jioni yeye na watoto wake, hivyo aliamini unga ndio unaofanya kazi. Ulikuwa mweupe, unanuka karafuu, na ukiulowesha kidogo unashikana kama uji.

Akaanza kuuuza. Aliukaanga kidogo ili ubadilike rangi, akaupima kwa kizibo cha chupa, akasimama barabarani siku ya soko amekunja suruali mpaka magotini. "Tazameni miguu," alisema. "Nyumba ninayokaa ina viroboto kuliko nyumba yoyote Mbinga. Tazameni miguu yangu. Soko huria ndugu zangu! Zamani mngesubiri dawa ya serikali mpaka mfe."

Watu walinunua. Walitoka mpaka Ukata na Namswea. Kila aliyenunua ambaye hakuwa Ndunguru alithibitisha kwamba dawa ni ya uhakika: alijipaka, na kweli hakuumwa hata mara moja. Akina Ndunguru walionunua walirudi kulalamika. Cuthbert aliwaambia wanaipaka vibaya.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja, jina lake Tadea, mtu wa Mbamba Bay. Miaka minne nyuma alikuja kuchuma kahawa kwa Mzee Blasius, akiwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na kitu, hodari wa mikono. Wachumaji wengine waliondoka mavuno yalipokwisha. Yeye alibaki kidogo kusaidia kumenya na kuosha, na alipofika wakati wa kuondoka alikuwa na mimba. Alikwenda kwenye sengu akasema mtoto ni wa nyumba hii.

Sengu ni pale uani kwa mkubwa wa ukoo, ambapo watu wa damu moja hula pamoja na kusemezana. Kila mwanamke wa ukoo huleta chungu chake, na vyungu vyote hufunuliwa, na kila mtu hula kutoka kila chungu. Wavivu husemwa hapo, walevi husemwa hapo, na mwenye njaa hushiba hapo bila kuulizwa. Mtu ambaye chungu chake hakifunuliwi kwenye sengu ni kama hayupo, hata akisimama mbele yako.

Siku ile Cuthbert, ambaye alipenda kusema, alimuuliza Tadea mtoto ni wa nani.

"Mwenyewe anajua," Tadea alijibu.

Mzee Blasius alikuwa anatafuna. Aliendelea kutafuna.

"Mtu wa ziwani haingii kwenye ukoo kwa kutanguliza tumbo," Cuthbert alisema. "Hii damu ina wenyewe." Wazee walikubaliana naye, kwa kuwa alisema vizuri na chakula kilikuwa kinapoa. Tadea hakukubaliwa. Ila Mzee Blasius alisema, haraka kidogo, kwamba si vizuri kumfukuza mjamzito, akampa kipande cha mteremko kule chini, penye mawe, ambapo hakuna mtu aliyetaka kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni. Tadea alijenga kibanda pale. Alifyeka majani, akayapanga miraba, akachimba mashimo na kufukia, vilevile kama Wamatengo wanavyofanya ili mvua isibebe mlima, mpaka mteremko ule wa mawe ukawa na mashimo yaliyonyooka kuliko ya Cuthbert, ambaye siku hizi hakushika jembe.

Mtoto alizaliwa msichana, akaitwa Rosemary. Kila Jumapili Tadea alipika, akajitwika chungu, akambeba mtoto, akapanda mpaka uani. Kila Jumapili chungu kilikaa pembeni na kifuniko chake, na watu walipokwisha kula alijitwika tena akashuka nacho. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri tu. Alichotaka ni kimoja: chungu kifunuliwe na mtoto apewe tonge pale. Mtoto aliyekula kwenye sengu ana watu, na mtoto mwenye watu, mama yake akifa, halali njaa. Tadea hakuwa na ndugu aliye hai ziwani, kwa hiyo alilifikiria jambo hilo kila siku.

Vitalia ndiye aliyeona kwanza. Walikutana kisimani, Rosemary, sasa ana miaka mitatu, amekaa kwenye jiwe anajikuna. Miguu yake ilikuwa na vidoa vya buluu.

"Mama Rose, huyu ana nini?"

"Viroboto. Wanatoka huko juu kwenu, wanashuka mlima. Nawaona asubuhi wanarukaruka njiani kama wanafunzi waliochelewa."

"Na wewe wanakuuma?"

"Mimi? Hata mmoja. Wananipita."

Vitalia alitua ndoo. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akapiga kofi moja tu, taratibu. "Haya," alisema. "Jumapili mvalishe gauni fupi."

Jumapili hiyohiyo Cuthbert naye alikuwa na lake. Maneno ya akina Ndunguru kwamba dawa haifanyi kazi yalikuwa yameanza kumharibia soko. Akaamua kuyamaliza kwenye sengu, mbele ya wazee, waziwazi. Kabla vyungu havijafunuliwa alisimama.

"Baba zangu, mama zangu, shikamooni. Ndugu zangu. Kuna watu hapa wananichafua. Wanasema nauza unga wa ugali. Basi leo tuonyeshane miguu. Kila mwenye damu ya Ndunguru akunje suruali. Anayejua kutumia dawa ataonekana, na mchafu ataonekana."

Lilikuwa wazo zuri na watu walilipenda. Walikaa kwenye mstari kando ya ukuta, wakakunja. Mzee Blasius alikuwa na vidoa mpaka kwenye nyonga. Baba zao wadogo wawili walikuwa navyo. Methodi alikuwa navyo, na watoto wake, na binamu wadogo, bado watoto, waliotoka ng'ambo ya bonde. Katikati ya mstari alikaa Cuthbert na watoto wake watano, miguu yao safi kama sahani zilizotoka kuoshwa.

"Mnaona?" Cuthbert alisema.

Waliona. Walimwangalia Cuthbert. Alikuwa mrefu, na pale kwenye mstari, kati ya akina Ndunguru ambao wote ni wafupi na wana vichwa vya mviringo, urefu wake ulionekana hata akiwa amekaa. Kisha macho yakahama taratibu kwa Bibi Otilia, mama yake, aliyekuwa anachambua miiba ya samaki. Bibi Otilia aliendelea na miiba.

"Cuthbert alikuwa mrefu tangu zamani," baba mdogo mmoja alisema.

"Hata akizaliwa alikuwa mrefu," mwingine alikubali. "Yule bwana shamba wa kahawa ndiye aliyempeleka mama hospitali kwa pikipiki. Mtu mwema sana. Naye alikuwa mrefu."

Wakati huo ndipo Tadea alipofika na chungu kichwani. Alikitua pembeni, mahali pake pa siku zote. Kisha alimshika Rosemary mkono, akampeleka kwenye mstari, akamkalisha mwisho, baada ya mtoto mdogo wa Methodi. Gauni lilikuwa fupi. Vidoa vilikuwa vilevile, ukubwa uleule, rangi ileile.

"Shikamoo Mzee," alisema.

"Marahaba," Mzee Blasius alijibu kutoka kwenye mstari, suruali imekunjwa.

"Na huyu hajapata dawa."

Methodi alikohoa. Mkewe alikuwa anamtazama. "Mimi nilikuwa Tunduru," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mvua mbili nzima nilikuwa shimoni Tunduru natafuta mawe ya kung'aa. Sikurudi hata Krismasi. Sikupata jiwe hata moja, na hilo nalo mnalijua, mmenicheka vya kutosha."

"Ulikuwa Tunduru," Vitalia alisema. "Nathibitisha."

Baba wadogo wawili, mwaka ule, mmoja alikuwa amelazwa hospitalini Peramiho na mwingine alikuwa mzee tayari kwa kila maana. Watu walipiga hesabu, na haikuwa hesabu ndefu. Kisha mmojammoja walishusha suruali zao. Mzee Blasius alishusha yake mwisho. Alisema mawingu yamekaa vibaya, ni heri kula haraka. Vyungu vilifunuliwa vyote isipokuwa kimoja. Mvua haikunyesha.

Tadea hakuondoka mpaka watu walipomaliza. Akabeba chungu, akabeba mtoto. "Viroboto wanajua kusoma," alimwambia Vitalia alipopita. "Watu wamegoma."

Jioni ile Bibi Otilia alimkuta mumewe jikoni anajikuna kwa gunzi. Alikaa kwenye kigoda mbele yake.

"Baba Cuthbert."

"Naam, Mama Cuthbert."

"Maharage yameshika vizuri mwaka huu."

"Yameshika."

"Wa kwako ana miaka mitatu, hana hata viatu. Wa kwangu ana miaka arobaini, ana watoto watano na stoo ya kahawa, na wewe unamkopa sukari." Alichochea moto. "Nani aanze kuhesabu?"

Mzee Blasius alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, alisifiwa kwa hilo mpaka parokiani, na aliliangalia jambo hili pande zote mbili.

"Hakuna anayehesabu," alisema.

"Ndivyo nilivyodhani," Bibi Otilia alisema, akampakulia. Waliishi vizuri baada ya hapo kuliko miaka yote waliyokuwa pamoja.

Jumapili iliyofuata Cuthbert alikuja kwenye sengu na vidoa. Vilikuwa vya kalamu ya wino ya buluu. Miguu na mikono alikuwa amejichora mwenyewe, na vidoa vyake vilikuwa vikubwa na vimepangwa kama mahindi. Vya mgongoni alichorwa na mama yake, kwa sababu yeye asingefika, na vya Bibi Otilia vilikuwa vizuri sana, huwezi kuvitofautisha na vya kiroboto. Jua lilipokuwa kali jasho lilitiririka na wino ukaingia kwenye soksi.

"Pole, kaka," Methodi alimwambia. "Naona na wewe wamekufikia."

"Wameniharibu," Cuthbert alisema, akajikuna. "Sijalala."

"Na ile dawa?"

"Dozi imekwisha nguvu. Naagiza nyingine."

Wote walisema pole. Walikuwa watu wenye adabu. Watoto wa Cuthbert nao walichorwa, wakafurahi, na yule wa nne alijiongezea ndevu.

Mambo yangekaa hivyo, kila mtu na vidoa vyake, kama Mzee Blasius asingegundua jambo jingine. Jumapili zile Tadea alipokuja na chungu, kwa muda wote ambao Rosemary alisimama uani, Mzee hakuwashwa. Aliangalia chini akaona sababu. Viroboto walikuwa wanashuka kwenye miguu yake, wanashuka kwa Methodi, wanashuka kwa wazee wote, wanavuka ua kwa mstari wa buluu kwenda kwa mtoto. Damu ilikuwa ileile, ila ya mtoto ilikuwa changa. Mtoto alipoondoka walirudi kwa unyonge, kama watu waliofungiwa kilabu.

Mzee Blasius aliliweka jambo hilo mbele ya wazee wenzake, na wazee wakaliona kuwa jema. Bibi Otilia akatumwa kule chini kwenye mteremko.

"Mama Rose," alisema, "Mzee anasema mtoto aje alale nyumba kubwa."

Tadea alikuwa anapalilia mahindi. Alisimama, akaegemea jembe. "Nyumba kubwa?"

"Chumba cha Mzee. Kuna kitanda chake kidogo."

Tadea hakuuliza zaidi. Alimwogesha Rosemary mara mbili, akamnyoa, akampaka mafuta, akamvalisha gauni lililofuliwa. Njiani alimfundisha kusema shikamoo babu, na mtoto alipoisema mlangoni, Mzee Blasius aliitika marahaba bila kusitasita, wala hakusahihisha. Tadea aliteremka peke yake. Vitalia anasema alimsikia anaimba.

Asubuhi Tadea alipanda mlima mapema. Alikuta nyumba nzima imekaa uani juani, watu wanapiga miayo ya raha. Mzee Blasius hakuwa juu ya meza. Alikuwa kwenye kiti, amenyoosha miguu, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuungama.

"Shikamoo Mzee. Mmeamkaje?"

"Marahaba. Tumeamka vizuri. Tumelala, binti yangu. Tumelala kweli."

"Na mtoto amelala?"

Rosemary alitolewa ndani na Vitalia, amefunikwa kanga. Hakukuwa na mahali kwenye mwili wake ambapo ungeweza kuweka kidole bila kugusa buluu. Kope zilikuwa zimevimba, jicho moja halikufunguka. Hakulia. Alikuwa amelia usiku, kwa mujibu wa wanawake, na wanaume hawakusikia kwa sababu ya usingizi.

Tadea alimchukua. Alimwangalia mbele na nyuma. Kisha alimgeukia Mzee Blasius, na alipozungumza alizungumza kwa heshima, kama mtu anayeuliza bei.

"Mzee, kwa hiyo mnakubali ni mtoto wa hapa?"

"Analala hapa," Mzee alisema.

"Na atakula wapi?"

"Kula atakula kwako."

"Si kwenye sengu?"

Mzee Blasius aliangalia wenzake. "Sengu ni jambo la damu," alisema. "Tusichanganye mambo. Mwache alale hapa usiku, mchana ni wako. Tutakupa na chumvi."

Cuthbert, wino umemkauka shingoni, aliunga mkono. "Ni nafasi nzuri, Mama Rose," alisema. "Ukoo mwingine usingempa nafasi kama hii."

Tadea alimfunga mtoto mgongoni. Vitalia alimfuata mpaka ukingo wa ua.

"Unakwenda wapi? Ziwani huna mtu."

"Huku nilikuwa na nani?"

"Na mahindi yako? Yamefika kiunoni."

Tadea aliyaangalia mahindi yake kule chini. "Yana afya," alisema. Akashuka barabarani.

Paka walikuwa wamelala stoo juu ya magunia. Dume la kijivu liliinuka kwanza, likajinyoosha, likatoka. Wengine wakafuata. Walipanga mstari kama siku waliyokuja, yule wa Kinyasa sasa mbele kwa sababu anajua njia, wakamfuata Tadea. Na viroboto walikuwa juu ya paka, na waliokosa nafasi walienda kwa miguu yao, kamba ya buluu vumbini inayosogea. Dereva wa lori la Mbamba Bay alimpakia Tadea mbele na mtoto. Kuhusu paka alisema hao ni mizigo, akawapandisha nyuma.

Baadaye dereva huyo alileta habari kwamba Tadea anakaanga samaki pale gatini, na mtoto anaendelea, jicho limefunguka ila halioni vizuri. Viroboto alisema bado anao. Ziwani hakuna Ndunguru mwingine wa kuwagawia. Methodi alisema atakwenda kumsalimia mtoto, yule ni mdogo wake hata hivyo. Amesema hivyo mara nyingi.

Huku mlimani watu walilala. Cuthbert alitangaza kwamba dawa hatimaye imeingia kwenye kuta, akamaliza kuuza iliyobaki. Vidoa havikufutika kwa yeyote, na hakuna aliyetaka vifutike, kwani vilikuwa vimekuwa alama ya watu wa heshima. Msichana akitaka kuolewa na Ndunguru, wazee wake humtaka kijana akunje suruali. Kila Jumamosi Cuthbert alikaa kwenye kigoda akachorwa upya kwa ajili ya Misa, na macho ya Bibi Otilia yalipofifia, kazi hiyo alipewa Scholastica. Ana mkono mzuri. Mzee Blasius aliendelea kuongoza sengu na kuamua mambo ya watu mpaka mwisho wake, na hakuna hukumu yake iliyowahi kukatiwa rufaa.

Gharama ya viroboto wale ilikuwa hivi. Magodoro manne ya majani yalichomwa. Mrututu wa msimu mzima uliishia sakafuni, kahawa ya Methodi ikapata ugonjwa wa majani. Stoo ilikosa paka na panya wakala gunia moja na robo. Rosemary mwishowe alipoteza jicho la kushoto. Tadea alipoteza kibanda, jembe aliloliacha shambani, na mashimo ya miaka mitatu. Mahindi yake yaliiva vizuri, Bibi Otilia akayavuna mwezi wa saba. Yalitoka magunia matatu na debe moja. Debe lilikwenda kwa kuku. Magunia yalisagwa, yakaliwa kwenye sengu, na watu walisema unga ni mtamu.